Kupiga Picha Mikono Ikiwa na Kazi: Mwongozo wa Kamera ya Kuvaliwa

Maswali ya wanaoanza hufanana. Kamera naivaa wapi? Mbona picha zote ni za anga, au za miguu yangu? Kwa nini kila mtu ana ukungu? Betri imekwishaje kabla ya saa sita mchana?

Karibu majibu yote yanatoka sehemu moja. Ukishika kamera mkononi unaona unachopiga na unajirekebisha papo hapo. Ukiivaa, huoni kitu. Kosa la asubuhi utaligundua jioni, na siku imeshapita. Kwa hiyo kulenga, kupima mwanga na kusafisha lenzi ni kazi za kumaliza kabla hujatoka mlangoni.

Andaa hivi kwanza

- Kamera ndogo ya kuvaliwa, au simu yenye kamera nzuri ya nyuma. Kwa kujifunzia simu inatosha, usinunue kitu bado.
- Kifungio: mkanda wa kifua, klipu ya begi au kofia, au sumaku ya kuvaa chini ya shati.
- Kadi ya microSD ya GB 64 au 128 yenye alama ya V30. Alama hiyo maana yake kadi inaweza kuandika angalau MB 30 kila sekunde bila kusita.
- Betri ya akiba. Kama betri ya kamera haitoki, tafuta pawabanki ndogo na kebo fupi ya sentimita 20 hadi 30. Kebo ndefu hunasa kwenye vitasa vya milango.
- Kitambaa laini cha lenzi. Pindo la shati hubeba vumbi linalokwaruza.
- Kamba ya usalama ya kufunga kamera kwenye nguo au begi, mbali na kifungio chake.
- Nusu saa ya majaribio, kwa siku isiyo na jambo muhimu.

Hatua ya 1. Amua picha ni za nini

Picha za kufundisha kazi ya mikono (kushona, kupika, kufungua injini) zinataka kamera inayotazama mikono. Picha za safari zinataka kamera inayotazama mbele. Kumbukumbu za siku nzima zinataka kamera nyepesi ambayo utaisahau mwilini. Chagua moja. Mpangilio mmoja hauwezi kuzihudumia zote tatu, na wanaojaribu hurudi nyumbani na picha zisizofaa kwa lolote.

Hatua ya 2. Chagua mahali pa kuvaa

Kifua ndipo pa kuanzia. Kiwiliwili hutikisika kidogo kuliko kichwa, na mikono yako inaingia ndani ya picha, kwa hiyo mtazamaji anaona unachofanya. Kasoro yake ni meza: ukikaa karibu mno, ukingo wake unaziba nusu ya picha. Mkanda wa usalama wa gari nao hupita juu ya lenzi, na koti lililofunguliwa hufanya hivyohivyo kila upepo ukivuma.

Kichwani kunavutia kwa sababu kamera inafuata uso. Tatizo ni kwamba kichwa hakitulii. Wewe huhisi chochote, ila anayetazama video baadaye anapata kizunguzungu. Ukiamua kuvaa kichwani, jizoeze kugeuka polepole, na ukifika kwenye jambo la kuonyesha tulia kwa sekunde tatu.

Mkanda wa begi la mgongoni, usawa wa chini kidogo ya bega, ni mahali pazuri ambapo wengi hawapafikirii. Uzito wa begi unaukaza mkanda, kwa hiyo kamera haichezi. Kwa matembezi marefu hapa panashinda kifua, maana kifua hakibanwi na jasho halijikusanyi chini ya mkanda.

Kamera ya shingoni inayoning'inia kwa uzi huzunguka kama pendeli. Ikiwa ndiyo uliyonayo, izuie kwa pini au sumaku ya pili nyuma ya shati. Sumaku hushika vizuri kwenye nguo nyembamba. Kwenye sweta nene kamera huteleza kidogo kidogo mpaka inatazama chini.

Onyo: mtu mwenye kifaa cha kusaidia moyo kilichopandikizwa kifuani asivae vifungio vya sumaku karibu na kifua. Sumaku ikae mbali na kifaa hicho kwa sentimita 15 au zaidi, naye amuulize daktari wake kwanza.

Miwani yenye kamera ni nyepesi na ipo usawa wa macho. Kumbuka tu kwamba inatazama pale uso unapoelekea, wala haifuati mboni za macho. Tumezoea kugeuza macho bila kugeuza kichwa, ndiyo maana picha nyingi za miwani humkata mtu pembeni. Elekeza pua kwa mtu au kitu unachotaka kupiga.

Ukitumia simu, mfuko wa shati unafaa ikiwa lenzi imepita juu ya ukingo wa mfuko. Simu huegemea kifua na kutazama juu. Kunja kitambaa ukiweke nyuma ya sehemu yake ya juu ili lenzi ishuke. Usiifunge simu moja kwa moja kwenye usukani wa pikipiki. Lenzi za simu nyingi zimeshikwa na mitambo midogo ya kutuliza picha, na mtikisiko wa injini unaweza kuiharibu. Apple ilitoa onyo la aina hii kuhusu simu zake mwaka 2021.

Hatua ya 3. Funga, kisha lenga

Hapa ndipo picha nyingi hupotea, kwa hiyo usikimbie.

Vifungio vingi vya kamera za michezo hutumia mtindo ulioenezwa na GoPro: vidole viwili vya kamera vinaingia kati ya vidole vitatu vya kifungio, na skrubu inapita katikati. Kaza mpaka ukisukuma kamera kwa kidole kimoja isisogee. Skrubu hulegea yenyewe kwa mtikisiko, kwa hiyo ikague kila unapopumzika. Kwenye mkanda wa kifua, kamera nyingi huvaliwa juu chini ili ziweze kuinamishwa kwenda juu vya kutosha, nazo huigeuza picha zenyewe. Tahadhari: kamera nyingi huamua upande wa juu pale tu unapoanza kurekodi. Ukiianzisha umeinama kufunga kamba za viatu, video nzima inaweza kutoka imelala au imepinduka. Ingia kwenye mipangilio, ufunge mwelekeo.

Sasa kulenga. Fungua programu ya kamera kwenye simu ili uone picha ya moja kwa moja, kisha kaa katika mkao ule utakaofanyia kazi. Hili la mkao lishike sana. Anayelenga amesimama halafu akaketi atapata picha za magoti, kwa kuwa kifua hulegea na kuinama mtu akikaa. Anayelenga amesimama halafu akapanda baiskeli atapiga tairi la mbele. Panda baiskeli kwanza, shika usukani, ndipo ulenge.

Kwa kutembea ukiwa na kamera kifuani, inamisha lenzi nyuzi 10 hivi kwenda juu. Kamera iko chini ya macho ya watu kwa sentimita 30 hivi, na kwa mtu aliye mita mbili mbele yako, nyuzi hizo zinatosha kuleta uso wake katikati. Kwa kazi ya mikono mezani, inamisha nyuzi 45 kwenda chini. Bandika kipande cha utepe ukutani usawa wa macho yako, simama mita mbili kutoka ukutani, uangalie kama utepe uko karibu na katikati ya picha. Hakikisha pia mstari wa mlango uko wima: kamera iliyoinama kando nyuzi chache tu inachosha macho.

Kisha umbali. Lenzi yenye upana wa nyuzi 90 inaona mita mbili kwa upana kwa kitu kilicho mita moja mbele. Maana yake, mtu aliye mita tano atatoka mdogo sana. Kwa kamera ya kuvaliwa unamsogelea mtu. Hakuna cha kuvuta karibu. Upande wa pili, kamera nyingi za aina hii zina fokasi (umbali ambao picha hutoka kali) isiyobadilika, na kitu kilicho karibu kuliko sentimita 30 hivi kitakuwa na ukungu. Anayeshona ameinamia kitambaa ainue kamera au arudi nyuma kidogo.

Hatua ya 4. Mwanga na mtikisiko

Nadharia ni moja tu: kadiri shata (kilango cha kamera kinachofunguka kupitisha mwanga) inavyokaa wazi muda mrefu, ndivyo mwendo wako unavyochorwa kwenye picha kama ukungu. Kamera ikiachiwa kuamua yenyewe ndani ya nyumba, huacha shata wazi mno.

- Kazi ya mikono, umekaa: sekunde 1/125 au kasi zaidi.
- Kutembea: 1/250.
- Kukimbia au baiskeli: 1/500.

Kama kamera yako haikuruhusu kuchagua shata, pandisha kikomo cha ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 1600, na jioni 3200. Kamera ikiruhusiwa ISO kubwa, haitalazimika kuchelewesha shata. Picha itapata chembechembe, na hilo livumilie: picha yenye chembechembe inasomeka, ile iliyochorwa na mtikisiko haiokoleki.

Wengi hudhani kitulizaji cha video kitawaokoa. Kitulizaji hunyoosha mwendo kati ya fremu na fremu, yaani picha moja moja zinazounda video. Hakiwezi kufuta ukungu uliokwisha ingia ndani ya fremu yenyewe. Gizani utapata video iliyotulia yenye fremu zenye ukungu.

Video ikionyesha mistari inayopanda na kushuka chini ya taa za ndani, chanzo ni umeme. Penye umeme wa Hz 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), taa nyingi humeta mara 100 kwa sekunde. Chagua Hz 50 kwenye menyu na utumie shata ya 1/50 au 1/100. Penye Hz 60, ni 1/60 au 1/120. Kanuni hii inagongana na ile ya 1/250. Ndani ya chumba chenye taa mbaya, tembea taratibu na uitii taa.

Nje mchana kuna kosa jingine: anga jeupe linajaa nusu ya picha, kamera inapunguza mwanga, na nyuso zinakuwa nyeusi. Shusha lenzi nyuzi chache kwanza. Isipotosha, ongeza mwangaza kwa +0.3 au +0.7.

Hatua ya 5. Nani atabonyeza?

Njia ya kwanza ni vipindi: kamera inapiga yenyewe. Kwa kumbukumbu za siku, sekunde 30 ni kipimo kizuri. SenseCam, kamera ya kuvaa shingoni iliyobuniwa kwenye maabara ya Microsoft mjini Cambridge, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilipiga takriban kwa kipindi hicho, na watafiti waliitumia kuwasaidia watu wenye upungufu wa kumbukumbu kukumbuka siku zao. Kwa matembezi yenye mambo mengi weka sekunde 10. Kwa kazi ya mikono, sekunde 5.

Njia ya pili ni amri ya sauti. Tamka amri kama ilivyo kwenye kijitabu cha kamera, na ubaki umetulia sekunde mbili baada ya kutamka, maana kamera huchelewa. Upepo ukivuma njia hii hufeli.

Ya tatu ni rimoti ya Bluetooth ya kuvaa kidoleni au saa ya mkononi. Mwili wa binadamu umejaa maji, na maji huzuia mawimbi hayo; rimoti iliyo mfuko wa nyuma na kamera iliyo kifuani huweza kushindwa kuonana ingawa ziko chini ya mita moja. Majini rimoti haifanyi kazi kabisa, hivyo anzisha kurekodi kabla ya kuzama.

Ya nne, ambayo ndiyo ya kuaminika zaidi kwa tukio usilojua litatokea lini: rekodi video ya 4K (ubora wa juu), kisha toa fremu unazotaka. Fremu moja ya 4K ina megapikseli 8.3, zinazotosha kuchapa picha ya kawaida ya albamu. Masharti ya shata ya hatua ya 4 yabaki palepale.

Hatua ya 6. Kadi na umeme

Piga hesabu kabla ya kutoka. Picha moja kila sekunde 30 ni picha 120 kwa saa. Saa kumi ni 1,200. Kwa MB 4 kila moja, ni GB 4.8. Kila sekunde 10 ni mara tatu ya hapo, GB 14.4. Video ya 4K inayoandikwa kwa megabiti 100 kwa sekunde hula GB 45 kwa saa moja, yaani kadi ya GB 64 haifiki saa moja na nusu.

Fomati kadi ndani ya kamera yenyewe, si kwenye kompyuta. Kadi mpya ijaribu kwanza kwenye kompyuta kwa programu ya H2testw (Windows) au F3 (Mac na Linux): kadi bandia huonyesha GB 256 na kukubali kuandikwa, kumbe kinachozidi uwezo wake halisi kinapotea kimyakimya.

Kamera nyingi ndogo hurekodi mfululizo saa moja hadi moja na nusu kwa betri moja. Zima Wi-Fi, GPS, skrini na usikilizaji wa amri za sauti kama huvihitaji. Ukichomeka pawabanki, kifuniko cha tundu kinabaki wazi na kamera haizuii maji tena. Mvua ikianza, chomoa na ufunge. Punje moja ya mchanga kwenye mpira wa kifuniko inatosha kupitisha maji.

Hatua ya 7. Watu walio mbele yako

Mtu anayeona kamera imeinuliwa usoni anajua anapigwa picha. Kamera ya kifuani inamnyima taarifa hiyo, kwa hiyo wajibu wa kumwambia ni wako. Sema mapema, kwa maneno: "Nimevaa kamera, inapiga yenyewe. Ukitaka niizime, niambie." Akikataa, izime mbele ya macho yake. Usibandike plasta juu ya taa ya kurekodi. Vua kabisa chooni, vyumba vya kubadilishia nguo, wodini, kwenye faragha ya ibada, na popote palipo na watoto wasio wako kama wazazi hawajakubali. Sauti mara nyingi ina sheria yake tofauti na picha. Usipoihitaji, zima maikrofoni. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, soma za mahali unapokwenda.

Hatua ya 8. Jaribio la dakika tano

Vaa kila kitu utakachovaa siku yenyewe, pamoja na koti na begi. Weka saa ya kamera sawasawa, kisha piga picha ya saa ya simu inayoonyesha sekunde. Tembea, keti, simama, pita mlangoni, toka juani, rudi ndani. Halafu fungua picha kwenye skrini kubwa. Skrini ndogo ya kamera huficha ukungu. Rekebisha jambo moja, rudia. Mara tatu kwa kawaida zinatosha.

Futa lenzi mwisho kabisa, baada ya kuvaa. Kidole hugusa lenzi wakati wa kufunga mkanda karibu kila mara.

Hatua ya 9. Jioni

Nakili faili sehemu mbili kabla ya kufomati kadi. Ondoa kwanza zenye ukungu, kisha zinazofanana, na ubakize ishirini au thelathini. Picha 1,200 kwa sekunde moja kila moja ni dakika 20 za kazi. Ukiahirisha siku tatu ni saa nzima, na watu huachia hapo. Kabla ya kutuma picha kwa yeyote, ondoa taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya faili. Mfululizo wa siku nzima unaonyesha wazi unakolala.

Mambo yakienda kombo

Picha zote zina ukungu sare, mchana na usiku. Lenzi ni chafu, au ngozi ya plastiki ya kiwandani bado iko juu yake. Kama ukungu uko katikati tu na unakuja ukitoka chumba chenye kiyoyozi, ni mvuke. Iache kamera izoee joto kwa dakika 15 ndani ya begi, na kwenye kasha lisilopitisha maji weka kipande cha kukausha unyevu.

Video imekatwa vipande vya GB 4. Si hitilafu. Kamera nyingi hugawa faili ndefu hivyo. Ziunganishe kwa programu ya kuhariri.

Kamera inajizima ingawa betri imejaa. Imepata joto. Itoe chini ya koti, punguza 4K hadi 1080p, na usiiache ikirekodi umesimama juani bila upepo. Ikiendelea hata kivulini, shuku kadi: jaribu nyingine.

Sauti ni ya nguo tu ikikwaruza. Cheni ya shingoni, vifungo na mkanda wenyewe vinagusa maikrofoni. Sogeza kamera sentimita mbili, funika tundu la maikrofoni kwa sponji nyembamba.

Picha za asubuhi ni nzuri, za mchana zinatazama chini. Skrubu imelegea au mkanda umeshuka. Weka alama ya kalamu kwenye mkanda mahali pake sahihi ili uone umesogea kiasi gani.

Tarehe si sahihi. Saa ya kamera ilijifuta betri ilipokaa nje muda mrefu. Linganisha ile picha ya saa ya simu na muda ulioandikwa kwenye faili yake, pata tofauti, kisha irekebishe folda nzima kwa ExifTool, programu ya kompyuta ya kubadili taarifa za faili: kwa mfano, exiftool "-AllDates+=1:30" ikifuatiwa na jina la folda huongeza saa moja na dakika 30 kwenye picha zote, na faili za awali zinabaki pembeni.